Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Karatasi za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na za Ukoo Wake

Wanaoniuliza ni wa aina mbili. Kuna mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu, anataka kujua magazeti ya Mombasa ya miaka ya 1930 yalisema nini. Na kuna mtu wa Mji wa Kale, au wa Takaungu, au wa Gazi, aliyerithi kasha la babu yake akabaki kulizunguka, hajui alifunge au alifungue. Nimewajibu mahali pamoja kwa makusudi, kwa sababu anachokitafuta wa kwanza mara nyingi kimelala ndani ya kasha la wa pili.

Sheikh Al-Amin ni nani, kwa ufupi?

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akafariki 1947. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alifariki 1894 mtoto angali mdogo sana, na malezi yakachukuliwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, mwanachuoni aliyefikia cheo cha Kadhi Mkuu. Kijana alisoma Mombasa, kisha akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Mwaka 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyobaki nayo hadi kufa kwake. Vijana wengi wanamjua kwa sababu tu ni baba wa Profesa Ali Mazrui (1933–2014).

Kadhi huyu ameingiaje katika orodha ya waandishi wa habari?

Aliingia kabla hajawa kadhi. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, linalohesabiwa kuwa gazeti la kwanza la Kiislamu kwa lugha ya Kiswahili. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, lililokuwa na Kiarabu na Kiswahili. Alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo, na ukisoma makala zake unaona wazi kwamba alikuwa akiwasikiliza watu wa Misri huku akiwatazama majirani zake wa Mombasa. Aliwasema watu wa pwani kwa uvivu wa kutafuta elimu, kwa ubadhirifu, kwa kuiga Wazungu katika yasiyo na faida na kuacha kuwaiga katika yenye faida. Hakupaka asali. Makala za Sahifa zilikusanywa kuwa kitabu, Uwongozi, mwaka 1944, na mwaka 2017 sehemu yake ikatolewa upya kwa Kiswahili na Kiingereza, kazi ya Kai Kresse na Hassan Mwakimako.

Gazeti halikukatika kabisa katika nyumba hiyo. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye aliyewahi kuwa Kadhi Mkuu, alikuja kutoa Sauti ya Haki katika miaka ya 1970. Na Profesa Ali, alipokuwa Marekani, alikuwa na ada ya kuwaandikia jamaa na marafiki barua ndefu ya kila mwaka, yenye habari za safari, vitabu, harusi na misiba. Mimi naihesabu barua ile kuwa ni gazeti la ukoo.

Na mwanahistoria?

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nivumilieni.

Sheikh Al-Amin aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Wamazrui Mombasa. Haikuchapishwa uhai wake. Ilitoka mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufa kwake, ikiwa imefasiriwa na J. McL. Ritchie kwa Kiingereza na kuchapishwa na Oxford University Press kwa niaba ya British Academy. Maana yake ni kwamba kwa karibu nusu karne kitabu hicho kilikuwa ni karatasi tu, kama hizo zilizo kwenu nyumbani.

Sasa fikiria alikuwa amekaa wapi alipoiandika. Wamazrui walikuwa magavana wa Mombasa kwa niaba ya Oman tangu miaka ya 1730. Mwaka 1741, Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Oman na baadaye wa Unguja, waliposhika Oman, Muhammad bin Uthman Mazrui alikataa kuwatambua. Akauawa 1746, na nduguye Ali bin Uthman akatoroka na kuirudisha Ngome ya Yesu, ngome ya Mombasa. Ukoo ukaendelea kutawala hadi 1837, ukipita katika vita vya Shela, karibu na Lamu, na ile miaka miwili ya ajabu, 1824 hadi 1826, ambapo Kapteni Owen alipandisha bendera ya Uingereza Mombasa kwa ombi la Wamazrui wenyewe. Sayyid Said, Sultani wa Kibusaidi, aliposhinda, aliwakamata wakuu wao akawapeleka Bandar Abbas, Uajemi, na wengi hawakurudi. Waliosalia wakagawanyika, wengine Gazi, wengine Takaungu. Mwaka 1895 Mbarak bin Rashid wa Gazi akapigana na Waingereza. Mwaka uliofuata akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani na hakurejea tena kutawala. Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka minne vita vilipoanza. Wazee waliomlea walikuwa wameviona kwa macho.

Na baba yake je? Sheikh Ali alifungwa Unguja na Sultani Sayyid Barghash kwa ajili ya mahubiri yake. Kwa hiyo mtu huyu, ambaye mababu zake walipinduliwa na Mabusaidi, ambaye baba yake alifungwa na Mbusaidi, alikuja kuwa Kadhi Mkuu katika himaya ya Waingereza, kwenye ukanda wa pwani ambao bado ulikuwa ukipepea bendera nyekundu ya Sultani. Ile Ngome ya Yesu waliyotawalia wazee wake ilikuwa jela wakati huo, tangu 1895 hadi 1958. Alikuwa akienda kazini na kurudi, jela ile akiiona.

Ukishalijua hilo, historia yake unaisoma kwa sikio jingine.

Basi si mwandishi wa upande mmoja? Tumwamini vipi?

Ni wa upande mmoja, na anajulikana ni upande gani, jambo ambalo ni afadhali kuliko mwandishi anayejifanya hana upande. Maafisa wa Kiingereza walioandika juu ya vita vya Mbarak nao walikuwa na upande, ila wao ripoti zao zimewekwa kwenye majalada ya serikali zikaitwa ushahidi. Soma zote mbili. Ongeza na mashairi: Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, aliishi Mombasa ya Wamazrui na kuimba vita vyao na siasa zao. Mashairi yake tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na karatasi za Taylor ziko chuo cha SOAS, London. Tazama ilivyo: historia ya mji mmoja ipo katika Kiarabu cha kadhi, Kiingereza cha afisa, na Kimvita cha malenga.

Karatasi za mtu kama huyu huwa ni zipi hasa?

Kwanza zile zenye jina: matoleo ya magazeti, rasimu ya historia, vitabu vidogo vya dini. Watafiti hukimbilia hizo. Lakini katika nyumba ya kadhi wa pwani huwa kuna mengine ambayo wenye nyumba hawayaiti hata nyaraka: nasaba iliyoandikwa nyuma ya kitabu cha fiqhi, hati za mirathi, vyeti vya ndoa na talaka, hati za wakfu za msikiti au kisima, barua za kuomba fatwa kutoka Lamu na Barawa, barua za jamaa wa Oman, risiti za wachapaji, daftari la madeni, mwaliko wa maulidi, kadi ya rambirambi. Pia vikaratasi vya hirizi, ambavyo mjukuu msomi hutaka kuvitupa kwanza. Usivitupe.

Na tazama pembeni mwa kurasa za vitabu vilivyochapishwa. Wanachuoni wetu waliandika pembeni. Kuzaliwa kwa mtoto, kufa kwa mwalimu, mvua kubwa, kuingia kwa meli: yote hayo yaliandikwa kwenye jalada la ndani la kitabu kwa sababu karatasi ilikuwa ghali na kitabu hakipotei.

Kasha letu limechanganyika. Nianze kwa kupanga: magazeti huku, barua huku, mambo ya ardhi kule?

Hapana! Hili ndilo kosa linalofanywa na watu wenye nia njema kuliko wote. Mpangilio mlioukuta, hata kama unaonekana ni vurugu, umebeba habari. Barua iliyokunjwa ndani ya rasimu ya sura ya nne huenda ndiyo iliyompa mwandishi habari za sura ya nne. Ukiitoa ukaipeleka kwenye rundo la barua, umekata uzi na hakuna atakayeuunga tena.

Kwa mwandishi wa habari aliyekuwa pia mwanahistoria wa kwao, jambo hili ni zito maradufu. Shangazi anayeulizwa habari za harusi ndiye yule yule anayeulizwa nani alikimbilia Takaungu. Daftari la mirathi ndilo chanzo cha nasaba, na nasaba ndiyo mifupa ya historia. Ukisema hizi ni za familia na hizi ni za kazi, unamgawa mtu ambaye mwenyewe hakujigawa.

Fanya hivi: hesabu tabaka. Piga picha kasha likiwa wazi kabla hujagusa kitu. Toa furushi moja moja, lipe namba, andika kwenye daftari furushi namba fulani lilikuwa juu ya namba fulani, lilifungwa kwa kamba gani. Kilichokuwa ndani ya kitu kingine kiandikwe hivyo. Kupanga kwa mada utapanga kwenye daftari, au kwenye kompyuta, si kwa mikono.

Nimesoma chuoni Misri, Kiarabu nakijua, lakini hizi barua siwezi kuzisoma. Tatizo ni nini?

Huenda si Kiarabu. Ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wa zamani haukuwa na herufi za kutosha kwa sauti zetu. Irabu tunazo tano, alama ni tatu: *u* na *o* zilitumia dhuma moja, *i* na *e* kasra moja. Herufi ya *b* ilisimama pia kwa *p*, na mara nyingi kwa *mb* na *mp*, kwa sababu king'ong'o kabla ya konsonanti hakikuandikwa. Kwa hiyo neno moja la herufi mbili, kafu yenye dhuma na be yenye fataha, laweza kuwa kupa, kopa, kumba au komba. Katika barua ya madeni, tofauti ya kupa na kopa si ndogo.

Dawa ni kusoma kwa sauti, tena mbele ya mtu anayejua lahaja ya mwandishi. Barua ya mtu wa Mombasa isomwe na mtu wa Kimvita, ya Lamu na mtu wa Kiamu. Macho yakishindwa, sikio hulitambua neno.

Tarehe zinanichanganya.

Zinamchanganya kila mtu. Kuna mitego minne.

Mwaka wa Hijra hauanzi Januari. Mwaka 1350 ulianza Mei 1931 ukaisha Mei 1932, kwa hiyo "1350" peke yake haikuambii ni 1931 au 1932.

Majina ya miezi ya kwetu: mfunguo mosi si mwezi wa kwanza wa mwaka. Ni Shawwal, mwezi wa kwanza baada ya kufungua saumu. Muharram ni mfunguo nne, na maulidi huangukia mfunguo sita. Nimeona maelezo ya barua yaliyoandika "Januari" mahali palipoandikwa mfunguo mosi, na mtafiti aliyeyafuata akajenga hoja nzima juu yake.

Siku huanza magharibi. "Usiku wa Ijumaa" ni ule ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi usiku. Akifa mtu usiku wa Ijumaa saa tatu, cheti cha serikali kitasema Alhamisi, na wote wawili wako sahihi.

Na saa: katika barua za zamani, saa mbili ya asubuhi ni saa mbili ya Kiswahili. Ikitajwa saa bila kusema, tazama habari yenyewe.

Barua isiyo na tarehe kabisa bado ina dalili zake. Ikitaja rupia kama fedha ya sokoni Mombasa, kuna uwezekano mkubwa ni ya kabla ya mwanzo wa miaka ya 1920, shilingi ilipochukua nafasi.

Hukumu za kadhi zilizo kwenye kasha ni zetu au za serikali?

Daftari rasmi la mahakama ni mali ya umma na mahali pake ni mahakamani au kwenye Makavazi ya Taifa. Nakala aliyojiandikia kadhi mwenyewe, maoni yake na barua alizoandikiwa nyumbani ni za warithi. Tatizo ni kwamba makadhi wa zamani walifanyia kazi barazani, na mpaka kati ya baraza na ofisi ulikuwa pazia. Ukikuta kitu chenye mhuri wa mahakama na namba za kesi zinazofuatana, usikifiche. Omba kipigwe picha, ubaki na nakala, asili irudi.

Kuna hati za ardhi. Wazee wanasema kasha lisifunguliwe kwa sababu hiyo.

Wana sababu. Tangu sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 watu wa pwani walitakiwa kuleta ushahidi wa mashamba yao, na karatasi ikawa silaha. Nani anataka kuonyesha silaha yake? Ushauri wangu: hati za ardhi zipigwe picha mbele ya warithi wote, zihifadhiwe pahala salama mnapokubaliana, na mahali pake kashani iwekwe karatasi inayosema kilichoondolewa ni nini na lini. Barua, magazeti na rasimu viendelee kushughulikiwa. Kesi ya shamba isiwe sababu ya mchwa kula historia.

Na mambo ya aibu? Talaka, magomvi, utumwa?

Talaka na magomvi ya watu ambao watoto wao wangali hai, fungeni kwa miaka mtakayokubaliana. Makavazi mengi hukubali sharti hilo, liandikwe tu kwenye mkataba. Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini kabla ya sheria kulikuwa na adabu.

Utumwa ni jambo jingine, na hapa nitasema wazi. Koo kubwa za pwani, Wamazrui wakiwemo, zilimiliki watumwa, na utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Hati za kuachwa huru, orodha za mashamba, hata barua inayotaja mtu kwa jina moja tu bila jina la baba, huenda ndipo mahali pekee duniani palipoandikwa jina la mtu yule. Wajukuu wake wapo, wengine jirani zenu. Kuzichoma hati hizo ili kulinda heshima ya babu ni kuwapokonya wengine babu yao.

Nilamineti karatasi zisichakae?

Usithubutu. Joto na gundi huingia kwenye karatasi na hazitoki tena. Selotepu vilevile: miaka kumi tu, doa la kahawia. Ondoa pini na klipu za chuma, maana hewa ya chumvi huzitia kutu. Barua ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, ndani ya boksi, juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na mbali na dari ya mabati. Mwarobaini mkavu ukiwekwa karibu hauna ubaya, ila usigusane na karatasi. Karatasi ya gazeti ina asidi, itakuwa njano na kukatika kwenye mikunjo hata ukifanya nini. Ndiyo maana ya kuipiga picha mapema. Itandaze, usiikunje tena.

Simu yatosha kupiga picha?

Yatosha. Mchana, karibu na dirisha, bila mwako, karatasi bapa, na rula pembeni ionyeshe ukubwa. Piga pande zote mbili, hata upande mtupu. Bahasha pia, na stempu yake. Usizitume kwa WhatsApp ukadhani umehifadhi, kwa kuwa picha hupunguzwa ubora njiani. Nakala tatu, mahali patatu, moja nje ya mji.

Tumpe nani asili?

Inategemea mnataka nini. Makavazi ya Taifa ya Kenya, Nairobi, yana mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966: vitabu, stempu na karatasi zake, ushahidi kwamba karatasi za mtu binafsi zaweza kukaa huko kwa heshima. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, zimezoea Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Njia ninayoipenda zaidi ni ile ya Lamu: miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, picha zikawekwa wazi mtandaoni, na miswada yenyewe ikabaki Riyadha.

Usimwachie mtafiti mgeni asili kwa ahadi ya mdomo, awe na shahada ngapi.

Hakimiliki ni ya nani?

Sheria ya Kenya ya 2001 inalinda maandishi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Kwa Sheikh Al-Amin muda huo uliisha mwishoni mwa 1997. Tafsiri za baadaye zina haki zake zenyewe. Na barua mliyoandikiwa ni yenu kama karatasi, lakini maneno yake ni ya aliyeiandika na warithi wake.

Nina toleo moja tu la gazeti, tena limeraruka. Lina maana?

Lina maana sana. Magazeti madogo yalisomwa, yakafungiwa kashata. Kabla hujadhani ni la kawaida, lipige picha na uandike namba ya toleo.

Nyanya yetu anayajua majina yote kwenye picha, lakini macho yamepungua. Tuanze wapi?

Kwake, wiki hii. Msomee barua kwa sauti, rekodi, mwache akukatize. Anapokukatiza ndipo habari ilipo. Picha mweleze ulichokiona: watu watano, mmoja amesimama mlangoni, kofia ya vito, nyuma kuna mtungi. Atakuambia ni mlango wa nani. Majina yaandike kwa penseli kwenye bahasha ya picha, si nyuma ya picha yenyewe, na uandike pia nani alikwambia na siku gani.